Nzomo wa Muthama na Zile Moja Saba

Nzomo wa Muthama wa Kilonzo, wa ukoo wa Atangwa, alizaliwa Matinyani mwaka wa 1938. Babu yake Kilonzo ndiye aliyechimba mchanga wa mto siku nane wakati wengine wameshakata tamaa, akapata maji ambayo ng'ombe wa vijiji vitatu waliyanywa. Baba yake Muthama alipelekwa Burma kubeba mizigo ya vita, akarudi na sikio moja zima na blanketi moja, akajenga nyumba ya kwanza ya matofali upande wetu. Nzomo mwenyewe alifundisha watoto arobaini kusoma na kuhesabu kabla shule yao haijapata paa. Pia aligawanya namba moja kwa namba nyingine mia moja na hamsini, kwa mkono wake, bila kukosea hata mara moja.

Naandika haya kwa sababu wajukuu wa ukoo wetu wanaambiwa kwamba Nzomo alikuwa mtu aliyerukwa na akili kwa ajili ya hesabu. Hakurukwa na akili. Mimi ni Mbula, dada yake wa tumbo moja. Yaliyompata nayajua kutoka mwanzo, na mwanzo wake ni mimi.

Tulichunga ng'ombe wa baba pamoja. Zamani zile mtu hakuchunga siku saba mfululizo. Saba kwetu ni muonza, na muonza ni mwiko, si namba ya kuchezea. Anayechunga siku sita, siku ya saba anabaki nyumbani, mtu mwingine anaenda na ng'ombe. Lakini hakuna aliyetangaza. Hukusema, "Leo ni saba yangu, nenda wewe." Ulikaa tu jikoni ukiota moto. Mwenzako akiona ng'ombe bado wako zizini na jua limetoka, alielewa, akachukua fimbo. Nzomo alikuwa na zamu zake sita, mimi nikachukua ya saba. Na zamu zangu nazo zikifika saba, nilikaa jikoni, Nzomo akaenda. Tulikua hivyo, na hatukupoteza hata ndama.

Alisoma mpaka darasa la nane, akapita vizuri. Nafasi ya chuo cha ualimu ilikuja mwezi ule ule baba alipolala kitandani asiamke tena, kwa hiyo Nzomo akabaki nyumbani. Alifundisha bila cheti. Jioni alinifundisha mimi, na kwa mafundisho yake nikamaliza darasa la sita mbele ya wavulana wote. Kugawanya namba ndefu nilijua kuliko walimu wengine ninaowakumbuka, na wako hai wanaweza kusema.

Sasa hizi namba za moja, zile zinazoandikwa kwa moja tupu. Nzomo alizianza ubaoni kama mchezo wa darasa. Kumi na moja haigawanyiki kwa kitu, isipokuwa moja na yenyewe. Mia moja na kumi na moja ni tatu mara thelathini na saba. Moja nne ni kumi na moja mara mia moja na moja. Moja tano zilimsumbua juma zima, mpaka akapata arobaini na moja mara mia mbili sabini na moja, akacheka peke yake shambani. Moja sita zilianguka upesi. Alipofika moja saba, yaani milioni moja, mia moja na kumi na moja elfu, mia moja na kumi na moja, namba ikakataa. Alijaribu saba, ikabaki moja. Alijaribu kumi na tatu, kumi na saba, kumi na tisa. Kila mara baki.

"Mbula," akaniambia, "hii labda ni kama ile kumi na moja. Haina mwenzake."

"Na ikiwa hivyo, itatupa ugali?"

"Itanipa sekondari," akasema.

Ilikuwa mwaka wa 1967. Wazazi walikuwa wamejenga sekondari ya Harambee, vyumba viwili, na walitaka mwalimu wa hesabu mmoja tu. Walioomba walikuwa wawili. Mmoja ni Nzomo, asiye na cheti. Wa pili ni Mulei, kijana aliyetoka chuoni mwaka ule, mwenye suti ya kijivu na kalamu tatu mfukoni. Wazee wa kamati walimpenda Nzomo kwa sababu watoto wao walikuwa wamepita mikononi mwake. Afisa wa elimu alimpenda Mulei kwa sababu ya cheti. Basi wakakubaliana: siku ya kufungua shule kila mmoja atasimama mbele ya watu aonyeshe anachojua, na kamati itachagua. Nzomo alijua kwamba asipochukua nafasi hiyo, hakuna nyingine. Serikali ilikuwa imeshasema wasio na cheti wataondolewa hata shule za msingi. Kwake ilikuwa kufundisha au kushika jembe mpaka kufa.

Mulei angeonyesha mambo ya kitabu. Nzomo alitaka kuonyesha kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote alichowahi kuona: kwamba moja saba hazigawanyiki, na kwamba yeye amejaribu kila namba inayohitaji kujaribiwa.

Alinieleza ni ngapi. Mbili, tatu na tano unaziondoa kwa macho. Zingine unajaribu zile tu ambazo zenyewe hazigawanyiki, maana kama kumi na tano ingegawanya, tatu ingekuwa imeshagawanya. Na unasimama ukifika elfu moja na hamsini na kitu. Kwa nini? Kwa sababu namba kubwa kuliko hapo ikigawanya, jibu lake litakuwa dogo kuliko hapo, na hilo dogo umeshalijaribu. Zikabaki mia moja sabini na nne. Akaziandika kwa mstari katika daftari, kutoka saba mpaka elfu moja hamsini na moja.

Kisha akafanya jambo ambalo mtu wa kwingine asingefanya. Kila namba ya saba katika ule mstari aliandika herufi M kando yake.

"Hizi ni zako," akasema. "Mimi nitaenda sita sita."

Nilimcheka. "Mwalimu mzima, mkristo wa kubatizwa, unaogopa muonza?"

"Siogopi. Lakini sekondari ni moja, na sina nyingine ya kupoteza. Wewe fanya, mwanaa mwaitu."

Mwanaa mwaitu ni mtoto wa mama yetu. Akikuita hivyo huwezi kukataa.

Zangu zilikuwa ishirini na nne. Nilizifanya katika daftari langu mwenyewe, mchana, mtama ukiwa umeanikwa uani na mimi nikifukuza kuku. Ishirini na tisa, baki. Hamsini na tisa, baki. Themanini na tisa. Mia moja ishirini na saba. Mia moja sitini na tatu. Mia moja tisini na saba. Kila moja niliirudia mara mbili. Halafu ikaja mia mbili thelathini na tisa, nikahesabu kwa vidole, nikaona hiyo ni ya saba yangu.

Nikapiga mstari mahali pa jibu, nikaiacha. Niliacha tatu namna hiyo: mia mbili thelathini na tisa, mia tano arobaini na saba, na mia nane sitini na tatu. Sikuona kama nimefanya kosa. Nilikuwa ninafanya vile tulivyofanya tangu utoto. Ng'ombe wako zizini, jua limetoka, mwenzangu ataona, atachukua fimbo. Nikampa daftari bila kusema neno, kwa sababu hilo halikuwa jambo la kusemwa.

Naye hakulifungua. Aliniamini. Alikuwa amenifundisha mwenyewe, na alijua kwamba katika kugawanya sikosei. Alifunga madaftari mawili kwa uzi wa katani, akaandika juu HAIGAWANYIKI.

Mulei alikuja kwetu majuma mawili kabla ya siku yenyewe. Alikaa kwenye kigoda, akanywa uji, akamsifu mama kwa uji. Kisha akasema, "Mwalimu Nzomo, nasikia una jambo kubwa. Ukiniruhusu nitalipitia, ili mtu asije akasema halikuthibitishwa."

Ndinda, mke wa Nzomo, alimfinya mumewe mgongoni. Nilimwona. Lakini Nzomo alifurahi kama bwana harusi. Mtu wa chuo anataka kusoma kazi yake! Akampa madaftari yote mawili. Siku tatu baadaye Mulei aliyarudisha, akasema kazi ni safi, mwandiko ni mzuri sana.

Siku ya kufungua, watu walijaa. Walitoka Matinyani yote, wengine walitoka Zombe kwa miguu. Mulei alitangulia, akachora pembetatu zake, watu wakapiga makofi ya heshima. Nzomo akafuata. Alikuwa amevaa koti la baba. Akaandika moja saba ubaoni, kubwa kubwa, akageuka.

"Wazazi wangu, hii namba haina anayeigawanya. Nimejaribu zote."

Akaeleza kwa Kikamba kizuri, hata mabibi wakaelewa. Alisema namba nyingi ni kama boma lililogawanywa kati ya ndugu, kila mtu apate sawa. Hii imekataa kugawanywa. Mzee mmoja akapaza sauti, "Basi hiyo ni namba ya mjane mkali!" Watu wakacheka sana, Nzomo akacheka nao. Mwenyekiti wa kamati alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. Niliona nafasi imeshakuwa yake.

Mulei akainua mkono.

"Mwalimu, umesema umejaribu zote?"

"Zote."

"Hata mia mbili thelathini na tisa?"

"Hata hiyo."

Mulei alienda ubaoni polepole, akajipangusa vumbi la chaki kabla hata hajaishika. Akaandika 239. Chini yake 4649. Akazidisha mbele ya watu wote, mstari kwa mstari, akijumlisha kwa sauti kama anayefundisha watoto. Ikatoka moja. Moja. Moja. Moja. Moja. Moja. Moja.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

"Labda si wewe uliyeijaribu hiyo," Mulei akasema, na akaangalia upande tuliokaa wanawake. "Labda uliachia mtu mwingine."

Nzomo aliniangalia. Sijui niseme vipi. Aliniangalia kama mtu aliyerudi nyumbani jioni akakuta ng'ombe wote bado wako zizini, hawajanywa, hawajala. Alielewa palepale. Ningesimama niseme, "Ni mimi niliyeiacha." Miguu yangu ilikuwa mizima. Sikusimama. Niliona aibu ya watu wa Matinyani kunijua kama mwanamke aliyeharibu, mimi niliyewashinda wavulana wao.

"Niliijaribu," Nzomo akasema. "Nilikosea."

Hayo ndiyo maneno aliyosema. Mtu ambaye hakuwahi kukosea alisema alikosea.

Mulei alipewa sekondari. Mwaka uliofuata wasio na cheti waliondolewa shule za msingi, Nzomo akiwa kati yao. Watoto wa njiani walianza kumwita Mia Mbili Thelathini na Tisa. Alivumilia mwezi mmoja, kisha akamchukua Ndinda na mtoto wao Kavata, wakavuka kwenda Mbooni, karibu na Kikima, kwa watu wa Ndinda. Mwanamume kuhamia kwa wakwe! Mama hakulizungumzia jambo hilo mpaka alipokufa.

Huko alifanya kibarua cha kuchimba matuta ya kuzuia udongo kwenye mashamba ya milimani. Na kila Jumapili baada ya kanisa alikaa chini ya upenu wa nyumba, akagawanya. Si moja saba tena. Alichukua moja kumi na moja. Bilioni kumi na moja na zaidi. Alisema atatafuta kama hiyo inagawanyika au la, na safari hii hakuna namba itakayoguswa na mkono mwingine.

Kila Jumapili namba moja. Akaigawanya, akairudia, akairudia mara ya tatu kuanzia nyuma, kwa kuzidisha. Ya saba aliifanya mwenyewe, na ya saba ya saba pia. Ndama walipokufa wakati wa njaa ya Longosa, wakwe zake walisema ni kwa sababu ya hizo saba. Yeye akachukua namba inayofuata.

Nilikuwa nikienda kumwona mara moja kwa mwaka, nikibeba mbaazi. Tuliongea juu ya mvua, juu ya mama, juu ya meno. Juu ya siku ile hatukuongea. Ndinda alikuwa akinipokea na mzaha wake mchungu.

"Karibu, wifi. Mume wangu ana mke mdogo. Mwembamba, amesimama wima, na wako kumi na mmoja."

"Nyamaza, mama Kavata," Nzomo alisema bila kuinua kichwa. "Nitapoteza baki."

Miaka ilienda. Kavata alisoma, na mwaka wa 1989 alikuwa anamaliza chuo kikuu, mwalimu wa hesabu wa kweli. Nilikuwepo siku alipokaa na baba yake kwa mara ya kwanza akamwomba madaftari. Yalikuwa kumi na manne. Aliyapitia ukurasa kwa ukurasa, kisha akauliza kitu kidogo.

"Baba, kwa nini ulijaribu hii? Elfu nne na moja?"

"Kwa sababu iko."

"Lakini haiwezi." Akachukua kalamu. "Namba ya moja kumi na moja, kama ina kinachoigawanya, hicho kitu lazima ukikigawanya kwa ishirini na mbili kibaki moja. Lazima. Tulifundishwa mwaka wa pili. Zingine zote unaziruka. Katika kila kumi unajaribu moja."

Nzomo hakuelewa mara moja. Au alielewa, sijui. "Na moja saba?" akauliza.

"Hizo unagawanya kwa kumi na nne, ibaki moja. Ishirini na tisa, arobaini na tatu, sabini na moja..." Kavata alihesabu kwa vidole, akiwa na furaha ya mtu anayedhani analeta zawadi. "Mia moja kumi na tatu, mia moja ishirini na saba, mia moja tisini na saba, mia mbili kumi na moja, mia mbili thelathini na tisa. Hiyo ya nane inagawanya! Umeona, baba? Zilikuwa nane tu."

"Nane," Nzomo akasema.

"Nane tu."

"Ningezifanya asubuhi moja."

Kavata akaweka kalamu chini. Alikuwa ameanza kuona uso wa baba yake. Nzomo alifunga daftari lililokuwa wazi, akaliweka juu ya mengine, akayanyoosha yalingane. Kisha akaingia ndani akalala na viatu, jua likiwa bado juu. Ndinda aliniambia siku ile hakula, na siku iliyofuata alienda kwenye matuta kama kawaida. Jumapili aliendelea pale alipokuwa amefikia, akajaribu inayofuata, ambayo kwa maneno ya binti yake haikuwa na haja ya kujaribiwa.

Macho yalianza kumwacha mwaka wa 1990. Kwanza nane na tatu zikafanana, kisha zote. Mwaka uliofuata, kabla ya mvua za Novemba, alituma neno nije. Nilimkuta ameketi kitandani, madaftari kando ya mguu wake. Alikuwa amekonda, mikono imebaki mikubwa kwa ajili ya jembe. Kavata alikuwepo pia.

"Mbula," akasema. "Nimefika elfu nane mia tisa tisini na tisa. Nimejaribu elfu moja mia moja na kumi na nne. Zimebaki karibu elfu tisa."

"Baba," Kavata akasema, "kwa mwendo wako ni miaka mia moja sabini. Nipe mimi. Nitafanya zile zinazohitajika tu, nyingine nitaruka, nimekueleza kwa nini. Chuoni kuna hata mashine, nitaomba..."

"Najua umenieleza. Nimeelewa, mama. Ni kweli." Akamtafuta kwa mkono, akamgusa bega. "Wewe una watoto wa watu wa kufundisha. Wafundishe hiyo ya kuruka. Hii simpi anayejua kuruka."

Nilisema neno nililokuwa nimelimeza miaka ishirini na minne. "Nzomo, ni mimi niliyeiacha. Ningesimama siku ile."

"Nilijua. Ni mimi ambaye sikufungua daftari lako."

"Ungesema ni mimi."

"Ungepata nini? Na mimi ningepata nini?" Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyefika mtoni akakuta mchanga. "Mia moja na hamsini zangu zilikuwa sahihi, Mbula. Nikifa, hakuna anayejua hilo ila wewe."

Akayasukuma madaftari kwangu, yote kumi na manne, na la kumi na tano ambalo lilikuwa nusu tupu.

"Mimi nina miaka hamsini na moja," nikasema. "Macho yangu nayo hayana muda. Hata robo sitafika."

"Sijasema ufike."

Akavuta pumzi, akangoja mpaka nikafungua daftari la mwisho na kushika kalamu. Kavata alikuwa analia bila sauti, kwa sababu yeye alijua namba zipi kati ya hizo ni za bure, na alijua mimi nitazifanya.

"Inayofuata ni elfu tisa na moja," Nzomo akasema. "Halafu elfu tisa na saba. Halafu elfu tisa na kumi na moja. Kila moja mara tatu, ya mwisho kwa kuzidisha. Andika baki hata kama ni dogo. Usiruke hata moja."